Mwanamke Aliyepeleka Hewa Shimoni

Kazi ya Talilisoa pale kwenye machimbo ya Ilakaka ilikuwa kuwapelekea hewa wanaume waliokuwa chini ya ardhi. Siku zile hakukuwa na mashine. Kulikuwa na mfuko mkubwa wa nailoni ulioshonwa kwa mkono, na kitako chake kimeunganishwa na bomba la nailoni hiyohiyo lililoteremka shimoni mpaka chini kabisa. Unaupanua mdomo wa mfuko upate kujaa upepo, unaukunja, unausukuma kwa mikono na kifua, hewa inashuka. Unaanza tena. Ukiacha, mshumaa wa yule aliye chini unafifia, na baada ya mshumaa ni yeye mwenyewe. Wanaume waliiona kazi hiyo haina heshima, wakaiacha kwa wanawake, hasa wake za wachimbaji, kwa madai kwamba mke hatasinzia wakati mumewe yuko shimoni.

"Labda asinzie makusudi," alisema Mananjara, mumewe, na sote tukacheka. Kila asubuhi kabla ya kushuka alimwambia mkewe jambo kama hilo. Akichelewa kuanza kusukuma, sauti ilitoka chini ikimuuliza kama ameshapata mume mwingine, na kama amempata, basi amwache huyu wa zamani apande kwanza. Talilisoa alijibu kwa kuusukuma mfuko kwa nguvu mpaka mshumaa ukazimika, na kutoka chini tukasikia matusi.

Niliwafahamu mwaka ule mawe ya thamani ya buluu yalipogunduliwa, Ilakaka ilipokuwa bado vibanda vichache kando ya barabara iendayo Toliara. Kabla ya hapo palikuwa mahali pa nyasi, upepo na ng'ombe wa Wabara, wafugaji wa nchi ile. Nilipofika kutoka mashamba ya kwetu karibu na pwani, watu walilala chini ya shuka zilizofungwa kwenye vijiti. Mvua iliyofuata ilikuta mji mzima: mabati, baa, bucha, wanunuzi kutoka Thailandi na Sri Lanka waliokaa vibarazani na taa zao ndogo, wakilitazama jiwe lako kama mtu anayetazama jino bovu. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa makaburi. Hakuna aliyetaka kuzikwa pale. Aliyekufa alirudishwa kwao, hata ikabidi ndugu wauze masufuria, kwa sababu mtu asiyelala na babu zake amepotea, na waliomwacha hawana usingizi.

Talilisoa na Mananjara walikuwa Watandroy, watu wa kusini kabisa. Mvua kwao ilikuwa imegoma. Mipungate, ambayo mwaka mbaya hulisha watu kwa matunda na ng'ombe kwa majani yaliyochomwa miiba, ilikuwa imenyauka nayo. Ng'ombe wakaanza kuanguka. Mananjara alimwambia kaka yake mkubwa, Mahasolo, kwamba anakwenda kwenye mawe kutafuta ng'ombe wengine, akamchukua mkewe, wakatoka. Hawakuwa na mtoto. Alikuwapo mmoja, njaa ikamchukua. Hilo Talilisoa alinitajia mara moja tu, akiwa anachambua mchele, wala hakuinua uso.

Bwana wa shimo letu alikuwa Razafy, Mbetsileo wa Ambalavao huko nyanda za juu, mtu mzima mwenye kofia ya majani na maneno machache. Alinunua kamba, mishumaa na mchele. Nusu ya kila jiwe lililopatikana ilikuwa yake, na nusu iliyobaki ilikuwa yetu sote. Chini walichimba Mananjara na Dety. Kwenye kamba walikaa vijana wawili, mtu na mdogo wake, wa kijiji cha Razafy, wakipandisha ndoo kila aliye chini alipoivuta kamba. Mimi nilikuwa mtoni, nikichekecha kokoto walizopandisha. Dety alikuwa amevuta riksho Toliara mpaka magoti yakamchosha. Alikuwa mrefu mno kwa kazi ya shimo, akatambaa kwa shida, lakini alikuwa na jicho la kuyaona mawe. Mananjara alikuwa mfupi na mwembamba, akaingia kwenye njia ambazo hata paka angefikiri kwanza.

Shimo la Ilakaka huteremka wima kama kisima mpaka mfike kwenye tabaka la kokoto. Hapo mnageuka na kuchimba ubavuni, mkifuata kokoto kama panya anavyofuata mahindi. Juu yenu ni mchanga, na mchanga haushikwi na kitu ila unyevu wake. Kila anayepanda hupekuliwa: nywele, mifuko, upindo wa kaptula. Razafy alipekua mwenyewe, bila kukudharau, akiongea habari nyingine.

Siku ile ilikuwa ya jua kali, karibu na wakati wa kula. Nilikuwa nimetoka mtoni kuchukua kokoto. Dety alipanda kwanza. Alisema Mananjara anakuja, anamalizia kona. Razafy akampekua. Dety akaenda kwenye ndoo ya maji akanawa uso, akaunawa tena, akasimama akiwa ametupa mgongo. Nikadhani ni uchovu.

Talilisoa akasema, "Mfuko unarudi."

Hakuna aliyemwelewa. Akasema tena, "Nasukuma, unarudi."

Hatukusikia kishindo. Mchanga ukianguka ndani ya mchanga hausikiki. Dety alikuwa wa kwanza kuelewa. Alishuka mbio bila kushika kamba, akitumia vishimo vya miguu vilivyochongwa ukutani. Alipopanda tena alikuwa amejaa udongo mpaka kwenye kope, akasema njia ya ubavuni imefungika yote. Wale vijana wakashuka, wakachimba. Mchanga ukashuka mara ya pili, ukamfunika yule mdogo mpaka kifuani, na kaka yake alimvuta huku analia. Walipotoka Razafy aliinama juu ya shimo kwa muda, akisikiliza, kisha akasema hakuna mtu mwingine atakayeshuka.

Talilisoa alikuwa bado anasukuma. Bomba lilikuwa limeminywa na mchanga, hewa haikuwa na pa kwenda, na kila alipousukuma mfuko ulimrudia kifuani. Wachimbaji wa mashimo ya jirani walikusanyika. Wengine walikuwa na majembe mikononi, wakatazama ule mchanga ukitiririka taratibu kwenye kingo, wakayaweka chini.

"Dada, basi," Razafy alimwambia.

"Hajavuta kamba."

"Hataivuta."

"Nitajuaje? Nikiacha, nitajuaje?"

 Aliendelea kusukuma mpaka jua likashuka. Mwishoni nilikwenda nikashika mfuko pamoja naye, nikasukuma mara chache ili asiuache peke yake, ndipo akaniachia. Mikono yake ilibaki imekunjwa mbele ya kifua, haikunyooka mpaka alipokandwa kwa maji ya moto.

Kesho yake Razafy alimwaga pombe kwenye mdomo wa shimo, akaomba radhi kwa wenye nchi, mizimu ya mahali pale, na kwa marehemu, wakalifukia na kusimika tawi la mti. Aliwaambia jamaa wa Kitandroy waliokuwepo pale kwamba shimo ndilo kaburi. Wao walitazama chini. Walijua na yeye alijua kwamba hilo si kaburi.

Tulidhani Talilisoa atarudi kwao. Nilimuuliza. "Nirudi niwaambie nimemwacha wapi?" alisema. Akabaki.

Maisha yake baada ya hapo yalikuwa ya chini sana. Wenye mashimo hawakumtaka. Ilisemwa hewa yake ina mkosi, na wanawake wenzake sokoni walimwita mke wa mchanga, si kwa siri. Alifua nguo za wenye baa. Aliuza muhogo wa kuchemsha. Kulipopambazuka alikwenda kwenye lile tawi, akalisimamisha kama upepo umelilaza, akarudi kwenye kazi. Mvua ya kwanza ikaliozesha tawi, akaweka jingine. Nyasi zikaota. Vijana wapya waliofika mjini walikaa juu ya lile shimo wakicheza karata, akawafukuza kwa mawe, wakamwona kichaa.

Razafy alitupeleka mashariki na magharibi, hata Sakaraha, tusipate kitu cha maana. Msimu wa pili wa mvua ulipokwisha tukarudi Ilakaka tukiwa tumekonda. Ndipo Dety akamwambia Razafy kwamba lile tabaka la kokoto la shimo la Mananjara linateremka kuelekea bondeni, na kwamba tukichimba upande wa chini tutalipata bila kupita kwenye mchanga mbovu. Alipaonyesha mahali. Razafy alisita, hakupenda kuwa karibu na mfu. Lakini alikuwa amebakiwa na kamba moja na gunia la mchele lisilojaa, akakubali.

Jioni hiyohiyo Talilisoa alimjia Razafy akamwomba kazi ya mfuko. Yule kijana mkubwa wa kwenye kamba akanung'unika kuhusu mkosi. Dety akasema kwa ukali kwamba yeye ndiye atakayeshuka, na hewa ya mke wa Mananjara ndiyo anayoitaka. Razafy akamkabidhi mfuko.

Niliona upesi kwamba wale wawili wana jambo. Dety alikuwa akisimama kwenye lile tawi akitazama kuelekea shimo jipya, akikadiria. Talilisoa alimpikia uji wa mtama, akampelekea mwenyewe. Watu wakasema mjane amepata wa kumfariji, na Dety hakukana wala hakukubali. Mimi nilimuuliza Talilisoa waziwazi. Akaniambia Dety anachimba kumtafuta Mananjara, ila Razafy asijue.

"Yule ni mtu," aliniambia. "Wengine wote mmesahau. Yeye hakusahau."

Niliona aibu, nikaenda zangu mtoni.

Basi shimo likateremka, wakafika kwenye kokoto, wakageuka ubavuni. Dety alikataa kusaidiwa. Alisema njia ni nyembamba, wawili wataligusa paa. Alichopandisha kilikuwa zaidi mchanga mtupu, na nilichekecha mpaka maji yakanichubua vidole bila kuona hata chembe ya buluu. Razafy alianza kukasirika. Alimuuliza Dety kama anachimba kokoto au anachimba ukuta. Dety alijibu kwamba mambo mazuri yako mbele. Alikuwa amedhoofika, macho yamemwingia ndani, na usiku kibandani alikuwa akisaga meno.

Kisha ikaja siku ambayo wale vijana wa kamba waliitwa shimo la jirani kusaidia kuinua jiwe kubwa. Nilikuwa nimeleta vikapu vitupu. Talilisoa alikuwa anasukuma, akiangalia kamba. Dety hakuwa ameivuta tangu asubuhi.

"Kaka Tovo," aliniambia, "shika mfuko."

"Unakwenda wapi?"

"Chini."

"Wanawake hawashuki. Wenye nchi hawataki."

"Basi wewe usiniangalie."

Alifunga nguo yake kiunoni, akavaa shuka begani, akaingia kwa vile vishimo vya miguu. Nilishika mfuko. Sijawahi kusukuma kitu kwa hofu namna ile.

Yaliyotokea huko chini hakunisimulia siku hiyo, alinisimulia baadaye sana, na nitayaweka hapa mahali pake.

Alitambaa akifuata mwanga wa mshumaa. Alimkuta Dety amepiga magoti. Mbele yake mchanga ulikuwa umefunguka, na Mananjara alikuwa pale, amelala ubavu kama alivyozoea kulala, na kaptula yake na kipande cha shuka. Mifupa ilikuwa imekauka, imekuwa na rangi ya udongo. Dety alikuwa ameshika fuvu kwa mkono mmoja, na vidole vya mkono wa pili vilikuwa ndani ya taya. Talilisoa alidhani anampangusa mchanga mumewe. Alitaka kumshukuru.

Dety akageuka. "Shemeji, usije."

Alipoona amekwisha kufika, akafungua kiganja. Kulikuwa na jiwe, kubwa kama yai la njiwa. Kwenye mshumaa lilionekana jeusi.

Alimwambia kila kitu pale pale, haraka, kama anayetapika. Asubuhi ile waliliona pamoja, limekaa kwenye kokoto kama limewekwa. Walikubaliana kulificha, waliuze wao wawili, Razafy na sisi wengine tusijue. Mananjara alilitia mdomoni kwa sababu Razafy hapekui midomo. Kisha akamwambia Dety atangulie kupanda, yeye abaki kidogo aone kama lina mwenzake. Alikuwa hawezi kusema vizuri kwa lile jiwe shavuni, wakacheka wote wawili. Dety akapanda.

"Kumbe muda wote huu ulikuwa unachimba jiwe," Talilisoa alisema.

"Nilikuwa nawachimba wote wawili."

"Nani kwanza?"

 Mshumaa ulikuwa unacheza, kwa sababu mimi huko juu nilikuwa nasukuma bila mpango. Talilisoa aliniambia alimtazama yule mtu kwa muda na hakujua amchukie vipi. Kama si jiwe, asingechimba. Na kama asingechimba, Mananjara angelala pale mpaka kiyama.

"Chukua lako," alimwambia. "Mimi nachukua langu. Lakini utanisaidia kumpandisha."

Dety akalitia jiwe shavuni mwake. Wakamkusanya Mananjara, mfupa kwa mfupa, kwenye shuka ya Talilisoa, naye Dety alifanya hivyo kwa uangalifu mkubwa, akitafuta hata vifupa vya vidole kwenye mchanga. Hilo pia Talilisoa alinieleza. Alisema mtu asidhani Dety hakulia.

Kamba ilipovutwa niliwaita vijana, tukapandisha ndoo tukidhani ni kokoto. Tuliona shuka iliyofungwa. Kisha Talilisoa akatoka, na nyuma yake Dety, mdomo ameufunga. Yule kijana mdogo, aliyewahi kufukiwa mpaka kifuani, alikimbia. Razafy alikuja akatazama lile furushi, akalielewa. Nilidhani atapiga mtu. Alivua kofia yake.

"Kwa hiyo hiki ndicho mlichokuwa mnachimba," alisema.

Kisha akamwambia Talilisoa kwa sauti ya chini, "Ondoka naye leo, kabla mashimo mengine hayajasikia. Wakisikia hawatashuka, na watasema ni mimi."

Dety hakupekuliwa siku hiyo. Nani angempekua mtu aliyetoka kumbeba mfu? Alipita katikati yetu, akachukua nguo zake kibandani, akapata lori la kwenda kaskazini. Hatukumwona tena. Mmoja alileta habari kwamba ana nyumba ya matofali Fianarantsoa na gari la abiria. Mwingine aliapa kwamba alikutwa kwenye matete upande wa Ihosy, koo limekatwa na mifuko imegeuzwa nje. Watu wa mawe husema hivyo kuhusu kila aliyeondoka, na mara nyingine ni kweli.

Nilimpa Talilisoa gunia langu jipya la mchele, likiwa tupu. Tuliiweka ile shuka ndani, tukaziba kwa majani makavu. Madereva hawapakii mifupa bila karatasi za serikali, na wengi hawapakii hata ukiwa nazo. Alipoulizwa alisema ni muhogo mkavu. Utingo akalitupa gunia juu ya paa, na Talilisoa akasimama njiani akalitazama, mikono kichwani. Toliara alipata lori jingine la kusini. Safari hiyo alikaa juu kwenye mizigo, kwenye vumbi, gunia mapajani, siku zote za njia ile mbaya, na abiria mmoja alimtania kwamba huo muhogo lazima ni mtamu sana.

Kwao alifika wakati wa jua la asubuhi. Mahasolo alikuwa anafunga mkokoteni. Kutoka zizi zima la baba yao alikuwa amebaki ng'ombe mmoja, dume mwenye pembe pana, na huyo ndiye aliyevuta mapipa ya maji kutoka kisima cha mbali. Maji hayo ndiyo yaliyoilisha nyumba: walikunywa, wakauza yaliyobaki kwa ndoo. Mahasolo alimwona shemeji yake na gunia, akaacha kufunga. Aliingiza mkono kwenye gunia bila kufungua shuka yote, akapapasa, mpaka akagusa mfupa wa mguu wenye kinundu katikati, ulipovunjika zamani Mananjara alipoanguka mtini.

"Huu niliufunga mimi kwa vijiti," alisema. "Ni yeye."

Kwa Watandroy mtu haingii kaburini mikono mitupu. Lazima ng'ombe wachinjwe, na vichwa vyao viwekwe juu ya mawe, ili afike kwa babu zake kama mtu mwenye mali. Mananjara alilazwa kwenye kibanda kilichojengwa kando ya kijiji, na wakubwa wa ukoo wakakaa kushauriana. Wote walikuwa na mazizi matupu. Wote walijua ni ng'ombe gani amebaki, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumtaja.

Mke wa Mahasolo ndiye aliyesema. Alisimama nje ya duara la wanaume akasema, "Aliyekufa hanywi maji. Sisi tunakunywa." Wakamwambia anyamaze. Hakunyamaza. Akasema marehemu akae kibandani mpaka mvua ije, mpaka ng'ombe wazaliwe, mifupa haina haraka. Talilisoa naye akamuunga mkono. Akamwambia shemeji yake kwamba yeye amekwisha kumfikisha mumewe kwao, na hilo linatosha, kaburi lingoje.

 Mahasolo akasema, "Alikwenda kule kwa ajili ya ng'ombe. Hawezi kuingia kwa wazee wetu peke yake, kama mwizi."

Talilisoa alilisikia neno hilo. 

Asubuhi Mahasolo alimpeleka dume mwenyewe, akimwimbia kama anavyoimbiwa ng'ombe wa thamani, akamchoma mkuki mahali pasipochelewesha. Nyama ililiwa kwa siku moja, maana watu wote walikuwa na njaa. Mananjara akazikwa. Mkokoteni ukasukumwa kando ya ua, na tangu siku hiyo maji yalibebwa kichwani.

Miaka ilipita. Niliacha mawe baada ya mto kunila vidole na kifua changu kuanza kukohoa, nikawa mpakiaji wa malori. Mwaka mmoja njaa ilipokuwa mbaya tulitumwa kusini na mahindi ya msaada. Lori liliharibika karibu na kijiji kile, na nikiwa nimekaa kivulini mwake niliona wanawake wawili wakija na ndoo vichwani, mmoja mbele na mmoja nyuma. Wa nyuma alikuwa Talilisoa. Nywele zilikuwa nyeupe ingawa hakuwa mzee. Alinitambua kwa kikohozi, alisema; hata Ilakaka nilikohoa vile nikidanganya naumwa ili nisiende mtoni.

Alitua ndoo akakaa nami. Mke wa Mahasolo akaendelea mbele. Ndipo aliponieleza mambo ya kule chini, tangu mwanzo hadi mwisho, akichora mchangani kwa kidole mahali alipokuwa Dety na mahali alipokuwa Mananjara. Nilimuuliza kwa nini aniambie sasa.

"Kwa sababu jiwe lile lilikuwa na fungu lako," alisema. "Mume wangu alikuibia. Na Mahasolo siwezi kumwambia. Alimchinja yule dume."

 Nilikumbuka tulivyorudi kutoka Sakaraha tukila mizizi, na Dety anakula nasi akijua. Nilikumbuka Mananjara akinichekesha asubuhi ile ile ya jiwe. Nilitaka kukasirika, hasira ikakosa mtu wa kumshika. Nilimwambia yamekwisha. Aliitikia kwa kichwa, lakini niliona hakuamini kama yamekwisha, wala mimi sikuamini sana.

Kabla lori halijatengenezwa Mahasolo alikuja kunisalimu, amesikia kuna mtu aliyefanya kazi na mdogo wake. Alinipeleka kuliona kaburi, halikuwa mbali na barabara. Mawe yamepangwa vizuri, mraba kamili. Makaburi ya jirani, ya watu wa zamani, yalikuwa yamejaa mafuvu ya ng'ombe kwa makumi, yameangukiana. Juu ya lile la Mananjara kulikuwa na moja, pembe zake pana zimeanza kupasuka kwa jua. Mahasolo akaniuliza mdogo wake alikuwa mtu wa namna gani huko. Nilimsimulia matani yake na mkewe, na jinsi mshumaa ulivyokuwa unazimika. Alicheka mpaka akafuta macho.

"Mvua ikija," alisema, akiyanyoosha mawe ya pembeni kwa mguu, "nitamwongezea wengine."

Dereva akapiga honi. Mvua ya mwaka ule haikuja, wala ya mwaka uliofuata.